Mbwana Aenda Zatosha Kumtoa Dada Yake

Msimulizi mwenye adabu zake huanza safari kwa kueleza gari, vumbi, na abiria aliyemsinzilia begani. Sisi tutamvusha msomaji bila nauli. Mbwana Shekiondo alitoka Korogwe akafika nchi ya Zatosha. Kilichopo katikati ni njia tu, na njia hazina la kujitetea.

Mbwana alikuwa kijana wa kidato cha sita, wa shule ya bweni, aliyepata kurudishwa nyumbani kwa kosa la kumvalisha beberu koti na tai ya makamu mkuu wa shule, kisha kumsimamisha mbele ya paredi. Ushahidi ulionyesha kwamba wanafunzi walimwamkia yule beberu kwa heshima zote, na kwamba ilichukua muda kabla mtu yeyote hajaona tofauti. Mwenye historia ya namna hiyo hapewi kazi kubwa. Mama yake alimpa swali.

Swali lilimhusu Mwanaidi, dada yake Mbwana, kifungua mimba wa nyumba ile. Mwanaidi alikuwa amekwenda Zatosha kujiandaa na mtihani wa kuingia Chuo cha Biashara. Siku ya kuagwa kwake yalifungwa maturubai, ikapikwa pilau, na mjomba mmoja akashika kipaza sauti mpaka betri ilipoihurumia hadhira. Miaka ikapita. Kila salamu iliyokuja kutoka kwake ilisema neno lilelile: bado najiandaa. Huku nyuma mama alikuwa na duka la kushona sare za shule, na magoti yake yalikuwa yamegoma kukanyaga cherehani. Jirani yao Bi Tatu alikitaka chumba kile auzie vifuniko vya simu, na mama hakuwa amemkubalia wala kumkatalia.

"Nenda kamuulize dada yako, anarudi au harudi," mama alimwambia Mbwana. "Sitaki salamu, sitaki hadithi. Akisema anarudi, namngoja. Akisema harudi, nampa Bi Tatu ufunguo, nikalale. Wewe niletee jibu tu."

Mbwana aliitikia kwa unyenyekevu, na kimoyomoyo akaazimia kuleta zaidi ya jibu. Mwanaidi ndiye aliyemfundisha kusoma kwa lebo za vitambaa, na ndiye aliyekuwa akimficha chini ya meza ya kukatia kila alipostahili kiboko. Alitaka dada yake arudi, na hakuona kwa nini mtihani uwe na haki naye zaidi kuliko yeye.

Kitu cha kwanza alichokiona Zatosha ni mto usio na daraja. Ukingoni palisimama jiwe la msingi lililosuguliwa hadi likang'aa, limechorwa maneno kwamba mbele ya umati mkubwa, na baada ya utepe kukatwa, Mheshimiwa fulani alithibitisha kuwa taarifa zilizopo zinatosha kujenga daraja mahali hapo. Wenyeji walivuka wamekunja suruali, viatu mkononi, na kila aliyepita aliligusa jiwe kwa fahari. Mbwana alimuuliza mama mmoja, aliyekuwa amezama mpaka kiunoni, daraja lenyewe litajengwa lini. Yule mama alimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyetia chumvi kwenye chai, akamweleza kwa upole kwamba hilo lilishakwisha.

Hapa lazima msomaji afahamishwe, kwa sababu Mbwana mwenyewe ilimchukua muda. Katika mtihani wa kuingia Chuo cha Biashara yapo maswali ambayo mtahiniwa hatakiwi kuyakokotoa. Anapewa swali, anapewa taarifa ya kwanza na taarifa ya pili, naye anatakiwa aseme tu kama taarifa hizo zinatosha kupata jibu. Jibu lenyewe halitakiwi. Mtahini analo, na kumpelekea jibu ni sawa na kumpelekea mvuvi samaki. Wahenga wa Zatosha, katika kuwaandaa vijana wao, waliona kwamba tabia hii ikikaa darasani peke yake haitakomaa. Wakaitoa ikaishi mitaani. Ndipo nchi ikapata jina lake, na ndipo kila jambo ndani yake likawa linaishia pale linapojulikana kwamba linawezekana.

Mpishi wa bweni, kwa mfano, aliposhawishika kwamba moto unawaka na maji yamo, alitangaza kuwa taarifa zinatosha kujua wali utaiva lini, akavua aproni akaenda zake. Kwa sababu hiyo ukoko ndio ulikuwa chakula cha taifa, na walikuwepo washairi waliousifia. Daktari alimshika mgonjwa mkono, akamwangalia ulimi, akampongeza kwamba ugonjwa wake unajulikana kabisa, kisha akamwita anayefuata. Wagonjwa walitoka wamefurahi. Baadhi hawakufika mbali.

Kuuliza njia nako kulikuwa na taratibu zake. Mwenyeji wa Zatosha akiulizwa jambo na mgeni hutoa majibu matano, manne ya uongo, kwa kuheshimu akili ya muulizaji. Mbwana aliuliza bweni la watahiniwa liko wapi. Mzee mmoja akasimama wima, akamwambia kwamba liko nyuma ya soko, au kando ya msikiti, au juu ya kilima, au lilibomolewa, au hakuna jibu sahihi hapo. Mbwana, aliyefaulu mtihani mzima wa historia kwa kuchagua herufi ya tatu kila mahali, alipanda kilima akalikuta bweni.

Langoni alizingirwa. Watu wa kila umri walimshika mikono, wakamkalisha, wakamletea maji, wakamuuliza kama yeye ni mwenyekiti wa chama chochote. Aliposema hapana, mwanamke mmoja alitokwa na machozi. Sababu ilikuwa hii: Chuo cha Biashara kinataka kila mwombaji awe amepata kuongoza watu. Basi kila mtu Zatosha alikuwa mwenyekiti wa chama chake, na nchi nzima haikuwa na mwanachama hata mmoja. Kabla jua halijageuka, Mbwana alikuwa ameandikishwa kwenye chama cha usafi, cha kupinga uvivu, na cha kina baba wasionyonyesha, na alikuwa ameongozwa mpaka shingo ikamuuma.

Aliyemwokoa ni mzee wa mvi, mwenye kanzu safi na mablanketi matatu begani, aliyewatawanya wenyeviti kwa kukohoa tu. Mbwana akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Kisaka. Yatima wa Taifa."

Mbwana alidhani ni mzaha, akajiandaa kucheka, lakini mzee hakucheka. Chuo, alieleza, kinataka pia kila mwombaji awe amemsaidia mhitaji. Sharti hilo lilipowekwa, nchi ilikuwa na yatima mmoja tu aliyetambulika kisheria, naye ni yeye, na kwa kuwa hakuna aliyeona sababu ya kutafuta mwingine, ameendelea kusaidiwa mpaka sasa. Kila mwisho wa wiki watahiniwa hupanga foleni nyumbani kwake. Humpa blanketi, humwekea mkono begani, hupigwa naye picha. Amejifunza kutazama chini kidogo, kushoto.

"Wajukuu zangu wana wazazi wote wawili," alisema Mzee Kisaka kwa masikitiko. "Sijui kazi hii nani atairithi."

Huyu ndiye aliyempeleka Mbwana kwa dada yake. Mwanaidi alikuwa chumbani, kwenye meza iliyojaa vitabu mpaka dirishani, amevaa miwani ambayo Mbwana hakuwahi kuiona. Alimkumbatia mdogo wake, akamshika masikio kama zamani, akamuuliza kama amekula. Kisha akamwonyesha kiti cha uenyekiti wa chama chake, akamwonyesha cheti cha mtahiniwa bora wa mwaka, na cha mwaka uliotangulia, na cha mwaka ule mwingine. Mbwana alimuuliza mtihani wenyewe atafanya lini. Mwanaidi akasema mtihani hufanywa na aliye tayari. Nani amewahi kuwa tayari? Mwanaidi akasema hilo ni swali zuri sana, na kwamba taarifa za kulijibu zipo.

Walimu wa twisheni, Mbwana aligundua, wote hawajawahi kuufanya mtihani. Ilikuwa sharti la ajira. Aliyeufanya angejua ulivyo, na ujuzi wa namna hiyo hupunguza uchangamfu darasani.

Jioni ile Mbwana alimweleza dada yake habari za mama, za magoti na za Bi Tatu, akamfikishia swali kama alivyotumwa. Mwanaidi alisikiliza macho chini. Mbwana alipomaliza, Mwanaidi alivua miwani, akaifuta, akasema taratibu kwamba taarifa zinatosha. Mbwana akamwambia anajua kwamba zinatosha, anachotaka ni jibu. Mwanaidi akavaa miwani, akafungua kitabu. Mbwana alimuuliza kwa njia nyingine, alimuuliza kwa utani, alimuuliza kwa Kisambaa. Kila mara alipata kwamba zinatosha. Ni kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe anaitikia kutoka ndani kwamba mlango upo.

Akarudi kwa Mzee Kisaka amevunjika moyo. Mzee alimkaribisha juu ya rundo la mablanketi, akamweleza sheria moja ambayo wageni hawaambiwi. Zatosha hakuna jela. Kuna kosa moja tu linaloogopwa, nalo ni kujibu. Mtu akitoa jibu kamili hadharani, mbele ya Msimamizi Mkuu, hutolewa nje ya mpaka siku hiyohiyo, maana jibu huambukiza. Mwaka mmoja fundi alijisahau akaziba paa linalovuja, na mtaa mzima ulianza kuonyesha dalili.

"Kwa hiyo dada yangu akijibu swali lolote ukumbini," Mbwana aliuliza, "atafukuzwa?"

"Atafukuzwa na hataruhusiwa kurudi. Lakini huyo usimtegemee. Huyo ndiye bora wao."

Mbwana alilala kama mtu aliyeahidiwa sikukuu. Ikiwa kazi yenyewe ni kumchokoza dada mpaka afunguke mdomo, basi kazi hiyo alizaliwa nayo.

Mtihani wa kujipima ulifanyika ukumbini, chini ya Msimamizi Mkuu, Bwana Mizani, mtu mrefu mwenye sauti ya kubembeleza kama ya mganga anayeona dalili njema. Watahiniwa walikaa safu kwa safu na penseli zilizochongwa, na mgeni aliruhusiwa kuuliza. Mwanaidi alisimama mbele kwa niaba ya wote. Mbwana akaanza kwa unyonge wa kuigiza. Jora la kitambaa lina mita thelathini, alisema, na sketi moja ya shule inakula mita moja na nusu. Zitatoka sketi ngapi?

Mwanaidi alisema taarifa ya kwanza peke yake haitoshi, ya pili peke yake haitoshi, zote mbili kwa pamoja zinatosha. Ukumbi ukapiga makofi.

Mbwana akasema yeye ameshapata, ni sketi thelathini na tano. Kidole cha Mwanaidi kikacheza kwenye mshono wa gauni lake. Mbwana akaongeza kwamba siku hizi ndivyo hesabu zinavyopigwa dukani kwa mama, na kwamba kola nazo hukatwa kwanza, shingo za watoto zikapimwa baadaye. Mshipa ukamsimama Mwanaidi kwenye paji. Wote waliona midomo yake ikijipanga kutamka namba. Kisha akavuta pumzi, akarudia kwamba zinatosha, na makofi ya safari hii yalikuwa ya watu waliosimama.

Mbwana akaishiwa. Alikuwa na mizaha mingine, lakini alimtazama dada yake akipokea makofi yale kwa uso wa mtu aliyeshikilia mlango usifunguke, na mizaha yote ikamtoka mikononi. Bwana Mizani akamuuliza kama ana swali la mwisho. Mbwana akasema analo, la mama yao, akalieleza.

Bwana Mizani alilipenda. Alilipanga vizuri kwa manufaa ya wote: taarifa ya kwanza, magoti ya mama hayakanyagi tena cherehani, taarifa ya pili, jirani anangoja ufunguo wa duka, swali, je, Mwanaidi anarudi nyumbani?

"Kila taarifa, peke yake, inatosha," alisema Mwanaidi.

Jibu la namna hiyo ni adimu. Wazee kwa vijana walishangilia, na mwalimu mmoja wa twisheni alilazimika kushikwa. Mbwana alingoja makelele yaishe.

"Dada," alisema, "mimi sikuulizi kama zinatosha. Mama amekaa dukani, ufunguo uko kwenye upindo wa khanga, na Bi Tatu anapita kila asubuhi kumsalimia. Anangoja neno moja. Unarudi au hurudi? Mimi hata sichagui. Nipe neno nimpelekee."

Mwanaidi alivua miwani. Aliposema, sauti yake haikuwa ya mtahiniwa bora. Ilikuwa ile ya nyuma ya duka.

"Unataka nirudi na nini, Mbwana? Walinichinjia ng'ombe. Mjomba alisema kwa kipaza sauti kwamba Korogwe inampeleka mkurugenzi. Nirudi leo nikapime mikono ya watoto wa watu, mama zao waniulize chuo kikoje? Wewe hujawahi kuagwa, hujui. Mwambie mama sirudi. Umesikia? Sirudi."

Penseli moja ilidondoka safu za nyuma, ikabiringika mpaka mbele, na hakuna aliyethubutu kuiokota.

Bwana Mizani alikuwa wa kwanza kupata sauti, na kwa haki lazima isemwe kwamba alijaribu kumwokoa. Alisema kwa upole kwamba huenda Mwanaidi alikuwa anataja chaguo mojawapo tu. Ataje na mengine manne, yahesabiwe kama machaguo, na kikao kiendelee. Safu ya mbele ilianza kumnong'oneza: sema narudi, sema huenda, sema mwakani, sema hakuna jibu sahihi. Mwanaidi aliwatazama mmoja mmoja, watu aliokula nao ukoko miaka yote hiyo. Ilikuwa rahisi sana. Alitakiwa afungue mdomo tu.

"Hakuna mengine," alisema, kama mtu anayevua kiatu kilichombana tangu asubuhi. "Nimejibu."

Akageuka kwa mdogo wake.

"Na ni sketi ishirini, mshenzi wewe."

Watu wa safu ya mbele walifunika midomo ya watoto wao. Hukumu haikusomwa, kwa sababu taarifa za kuisoma zilitosha, lakini walinzi walikuja. Mwanaidi alinyang'anywa vyeti na kiti cha uenyekiti, na kiti hicho kikagombewa kabla hajatoka mlangoni. Vitabu aliviacha mwenyewe. Mzee Kisaka alikuwa amesimama nje ya ukumbi. Alimpa Mwanaidi blanketi, akamwekea mkono begani, kisha akasita, kwa kuwa hakuwahi kusimama upande ule wa tendo hilo na hakujua mikono huwekwa kwa muda gani.

Njia ya kurudi tutaivuka vilevile, ila ieleweke kwamba walizozana mwanzo mpaka mwisho. Mwanaidi alisema asidhani ameshinda. Alishasema harudi, na neno lake ni hilo. Ametolewa tu, kutolewa si kurudi. Mbwana akasema ndivyo atakavyomfikishia mama, neno kwa neno, yeye ni mjumbe. Mwanaidi akasema afanye hivyo. Mbwana akasema atafanya. Mwanaidi ndiye aliyekuwa mbele, kwa sababu alitembea haraka zaidi.

Walifika Korogwe mchana. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni mwa duka, mguu mmoja ameunyosha, sufuria ya ugali imefunikwa kando yake. Bi Tatu alikuwa amesimama hapohapo, amekuja kusalimia. Mbwana aliwaamkia wote wawili, akasimama wima kama alivyofundishwa paredi. Mwanaidi alibaki hatua chache nyuma yake, vumbi mpaka magotini, blanketi begani, macho akiyapeleka kwenye ukuta wa duka, kwenye cherehani, kwenye chochote kisicho na uso.

"Amesemaje?" mama aliuliza.

"Amesema harudi, mama."

Mama alimtazama mwanawe wa kike kuanzia viatu, akapanda polepole mpaka kwenye ile miwani ya kigeni, na hakuharakisha. Bi Tatu akakohoa kidogo, akasema kwamba, basi, kama ni hivyo, kuhusu ule ufunguo. Mama akafunga upindo wa khanga yake fundo la pili.

"Nimesikia," alisema. "Sasa mwambie, kwa kuwa harudi, anawe mikono. Ugali unapoa."